Mtoto Asigeuzwe Mkalimani wa Wazazi Wake: Familia za Wahamiaji na Miaka ya Kwanza Ugenini

Kila mtumishi wa umma anayehudumia familia zilizohamia kutoka nchi nyingine angefaidika sana kwa kukifahamu kijiji cha Chogo, wilayani Handeni, katika mkoa wetu wa Tanga. Wengi wa waliokianzisha ni Wazigua waliozaliwa Somalia. Mababu zao walichukuliwa kutoka huku katika karne ya 19, baadhi yao wakati wa njaa kali iliyoikumba Uzigua katika miaka ya 1830, wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani kusini mwa Somalia. Waliofanikiwa kutoroka walijificha katika misitu ya bonde la Mto Juba, wakafyeka mashamba, na wakaendelea kuzungumza Kizigua kizazi baada ya kizazi. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza kutoka utumwani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto Somalia mwaka 1991, wakulima hawa, ambao hawakuwa na koo zenye silaha za kuwalinda, waliporwa chakula na kufukuzwa mashambani. Baadhi yao walifika Tanzania kwa njia ya bahari, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu huko Handeni, kisha wakahamishiwa Chogo mwaka 2003. Wengine walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya, na baada ya Marekani kukubali mwaka 1999 kuwapokea, Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, wakiwemo Wazigua hawa, walianza kusafirishwa huko mwaka 2003. Familia nyingi hatimaye zilikusanyika Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine wenye baridi kali na theluji. Kwa hiyo watu wa ukoo mmoja, walioikimbia vita moja, wameanza maisha upya katika nchi mbili zisizofanana kwa lolote, na mimi, nikiwa afisa ustawi wa jamii, ninaona kwamba walichokutana nacho ndani ya nyumba zao kimefanana mno.

Wengi wetu hudhani kwamba aliyerudi katika ardhi ya mababu zake hana ugeni. Ni kweli kwamba wazee waliofika Handeni walielewana na majirani kwa Kizigua tangu siku ya kwanza, sokoni na shambani, na jambo hilo liliwapa faraja ambayo mkimbizi huipata kwa nadra. Hata hivyo, Kizigua hakikuwafikisha mbali. Zahanati, shule, polisi, mahakama na ofisi ya mtendaji wa kijiji zote huendeshwa kwa Kiswahili, na mtu mzima aliyekuwa akizungumza Kizigua na Kisomali pekee alijikuta hawezi kujieleza mbele ya meza yoyote ya serikali. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza ndiye aliyekijua Kiswahili kabla ya wazazi wake, na bila mtu yeyote kuamua hivyo, akawa msemaji wa familia.

Nilishuhudia jambo hili katika zahanati moja miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja alikuja na binti yake wa miaka kumi hivi, aliyekuwa bado amevaa sare ya shule, kitabu cha hisabati kikiwa kwapani. Muuguzi alimuuliza mama kuhusu hedhi yake, na binti akatakiwa atafsiri. Mama alijibu kwa Kizigua, kwa sauti ya chini, kwamba damu ilikuwa haijakatika kwa wiki tatu. Binti alitazama sakafu, akazungusha kona ya kile kitabu kwa vidole, kisha akasema, "Anasema hajambo, kichwa tu kinamuuma." Muuguzi akaandika panadol. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pili, na kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alinilea kwa Kizigua, nilisikia maneno yote mawili. Binti yule hakuwa mwongo. Alikuwa amepewa neno ambalo mtoto aliyelelewa kwa adabu hawezi kulitamka mbele ya mtu mzima asiyemjua.

Madhara yake hayaishii kwenye dawa isiyofaa. Mtoto anayesoma barua za shule, anayezungumza na mwenye nyumba na anayejibu maswali ya ofisa huanza kujua siri, madeni na udhaifu wa wazazi wake kabla ya wakati. Baba hupoteza nafasi ya kukataza jambo, kwa sababu anayekatazwa ndiye anayemfikishia habari zote za nje, na mwalimu anapomwita mzazi kulalamikia utoro, mtoro ndiye mfasiri. Wakati mwingine baba huyo hunyamaza, na unyamavu wake huchukuliwa kuwa ni kutojali, jambo ambalo ni dhuluma kwake.

Kwa wasomaji wenye jamaa Marekani, ni vyema mkawakumbusha kwamba Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana hospitali na shule zinazopokea fedha za serikali ya huko zimhudumie pia asiyejua Kiingereza, na mkalimani anayetolewa hapo, hata kwa njia ya simu, halipiwi na mgonjwa. Wapya wengi hawalijui hilo, na tayari wana mzigo wa kurejesha mkopo wa nauli ya ndege waliosafiria, kwa hiyo huogopa kila huduma wasiyojua bei yake.

Hapa kwetu hatuna simu ya wakalimani, lakini tuna watu. Handeni haikosi mtu mzima anayejua Kizigua na Kiswahili sawasawa. Mhudumu wa afya wa jamii, jirani wa jinsia moja na mgonjwa au mama mtu mzima anayeaminika anaweza kuitwa, akaelezwa kwamba atakayoyasikia ni siri, na mtoto akaombwa asubiri nje. Wazazi nao wasaidiwe kujifunza Kiswahili. Nchi hii iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee waliojifunza kusoma chini ya mwembe bado wako miongoni mwetu; uzoefu huo unafaa kabisa kwa mama aliyehamia juzi.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na hapo pia mtoto hubebeshwa asiyoyaweza. Mtoto aliyezaliwa hapa anapaswa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndani ya siku 90, awe wa raia au wa mkimbizi, lakini cheti cha kuzaliwa si cheti cha uraia. Familia nyingi za Chogo zilipata uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni baada ya kuuomba, chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, na cheti cha uraia huo kinapaswa kutunzwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mkimbizi asiyekuwa nacho huhitaji kibali ili atoke katika makazi aliyopangiwa. Ofisa anayeyaeleza haya amweleze mzazi mwenyewe, polepole, akimtazama yeye usoni, hata kama mtoto amesimama pembeni na yuko tayari kujibu.