Setilaiti si dishi, na roketi haikai huko juu

Juzi mvua ilishuka Chikongola dakika ya sabini, Yanga wakisaka bao la kusawazisha, na skrini ya kibanda umiza ikaganda kipa akiwa hewani. Kijana wa mlangoni akatoka, akatazama juu ya bati, akarudi na taarifa: "Setilaiti imeyumba." Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akamsahihisha: "Siyo kuyumba. Ile roketi waliyoirusha ni nzito, mvua ikiipiga inashuka." Watu wakatikisa vichwa, kama wanaosema ndiyo hivyo, mzee kamaliza.

Mimi nafunga madishi, hapa Mtwara mjini na vijijini mpaka Nanyamba. Nimeshasikia dishi likiitwa setilaiti, king'amuzi kikiitwa setilaiti, mnara wa simu pia, na siku moja Tandahimba nilionyeshwa antena ya mifupa ya samaki nikaambiwa, "Fundi, setilaiti yetu ndiyo hiyo." Yote nimeyameza. Hili la roketi kushushwa na mvua limenikwama kooni.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Setilaiti ni kitu chochote kinachokizunguka kingine kikubwa huko angani kwa kushikwa na mvuto wake. Mwezi ni setilaiti ya dunia. Setilaiti ya mawasiliano ni mashine: inapokea mawimbi kutoka kituo cha ardhini, inayapa nguvu, inayabadilisha masafa na kuyamwaga chini juu ya nchi nyingi kwa mpigo. Ikiitwa ya kibiashara, ni kwamba mwenye nayo anapangisha nafasi kwa vituo vya televisheni, benki na kampuni za simu, kama mwenye ghala anavyopangisha ghala lake msimu wa korosho. Roketi ni chombo kinachoipeleka. Dishi ni ule ungo wa bati ulio ukutani kwako.

Sasa tuje kwenye neno. Setilaiti asili yake ni Kilatini, satelles, na huko halikuwa na habari yoyote na anga. Lilikuwa jina la mtu: mlinzi au mfuasi anayeandamana na mkubwa wake kila aendako. Mtu huyo sisi tunaye na jina lake tunalo, ni mpambe. Yupo mpambe wa rais, anayesimama nyuma yake na sare yake, na wapo wapambe wa mgombea, ambao mwaka wa uchaguzi hawambanduki hata akienda kunawa. Januari 1610 Galileo aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii, ambayo watoto shuleni siku hizi wanaiita Jupita, akaona vinukta vinne vinavyoiandama usiku baada ya usiku. Mjerumani Johannes Kepler ndiye aliyevibandika jina hilo: wapambe wa Mshtarii. Jina likanata.

Napenda sana maana hiyo ya kale, kwa sababu ukiishika huwezi tena kupotea. Mpambe hana njia yake, ana mkubwa anayemzunguka. Dishi lako linamzunguka nani? Limepigiliwa ukutani, linatazama juu kama mtu anayemsubiri mpambe wa watu apite ampe ujumbe.

Warusi walipita njia nyingine wakafika palepale. Tarehe 4 Oktoba 1957 walipeleka juu tufe la kilo 83.6, wakaliita Sputnik, yaani mwenza wa safari. Watu duniani kote walitoka nje usiku kulitafuta, na wengi wakaona nuru ikikata anga wakapiga kelele kwamba wameiona. Kumbe nuru ile, mara nyingi, ilikuwa kiwiliwili cha roketi iliyoibeba, nacho kilikuwa kimebaki kinazunguka nyuma yake. Tufe lenyewe lilikuwa na upana wa sentimita 58, dogo mno kuonekana kirahisi kwa jicho tupu. Kwa hiyo mzee wa Chikongola asione haya. Kuchanganya roketi na mzigo wake kulianza siku ileile ya kwanza, na walioanza hawakuwa watu wa Mtwara.

Lakini sisi tuna sababu yetu nyingine ya kuchanganya, na nadhani kosa liko kwenye kitenzi. Tunasema kurusha. Mtoto anarusha jiwe kwenye mwembe. Televisheni inarusha mechi. Marekani wamerusha roketi. Kampuni imerusha setilaiti, na setilaiti yenyewe inarusha mawimbi. Kitenzi kimoja kinabeba kazi tano, na msikilizaji aliyekaa mbele ya skrini anaziunganisha anavyoweza: kama roketi imerushwa, na mechi inarushwa, basi bila shaka roketi ndiyo inayorusha mechi. Hesabu yake haina kosa, ila kitenzi kimemwangusha. Mimi siku hizi nasema roketi imepaa, setilaiti imepelekwa mzingoni, yaani kwenye njia yake ya kuzunguka, mechi inarushwa. Wenzangu wananicheka kwamba naongea kama taarifa ya habari, lakini sijamwona tena mteja akiniuliza roketi inajazwa mafuta saa ngapi.

Na roketi, kwa taarifa yako, ni neno la Kiitaliano la kijiti cha kuviringia uzi, rocchetta. Fataki zao zilikuwa na umbo hilo, basi.

Nakuja kwenye "nzito". Mzee alisikia mahali kwamba setilaiti kubwa za mawasiliano hupelekwa na roketi nzito, akaelewa kwamba roketi ni nzito kama nanga. Hapa lugha ya barabarani inatusaidia kuliko kamusi. Ukisema Mtwara "lori la tani 30", hakuna anayedhani umelipima lori lenyewe. Umetaja mzigo linaoweza kubeba. Vivyo hivyo kwa roketi: nzito ni sifa ya mzigo. Kwa kawaida roketi huingia daraja hilo ikiweza kufikisha tani 20 hadi 50 kwenye mzingo wa chini, kilomita mia chache juu ya vichwa vyetu, na ikizidi hapo inapanda daraja la juu zaidi. Kwa hiyo sahihi ni roketi ya mizigo mizito. Ni maneno mengi kidogo, ndiyo, lakini hata "lori la tani 30" ni maneno manne na hakuna aliyewahi kulalamika.

Halafu muulize dereva yeyote wa korosho kama mzigo anaopakia akienda Lindi kwa barabara ya pwani ndio anaopakia akitoka Masasi kuupanda mlima wa Newala. Mlima unakula tani. Roketi ya Marekani iitwayo Falcon Heavy, ikitumika bila kurudisha kipande chochote, hutajwa kuwa na uwezo wa kufikisha takribani tani 64 kwenye mzingo wa chini, lakini kwenye njia ya kuelekea kule juu zinakokaa setilaiti za televisheni inashuka hadi karibu tani 27. Roketi ni ileile, kilichobadilika ni mlima.

Julai 2023 roketi hiyo ilipaa Florida ikiwa na setilaiti ya mawasiliano iitwayo Jupiter 3, ya tani 9 na ushee, kubwa kuliko yoyote ya kibiashara iliyokuwa imepelekwa kwenye mzingo ule wa juu. Roketi ikiwa imejaa mafuta ina uzito wa tani 1,420 hivi. Piga hesabu ya ghalani: ingekuwa gunia la kilo 80, korosho humo ndani ni nusu kilo. Zilizobaki ni mafuta, matangi na injini, na kazi yake yote ni kuibeba ile nusu kilo. Na injini za kuondokea ardhini peke yake ni 27.

Jambo ambalo watu hulikosa hata wakishakubali yote hayo ni kwamba kwa kawaida roketi haifiki. Haimpeleki abiria mpaka mlangoni. Inamshusha stendi. Setilaiti ya mawasiliano huachwa kwenye njia ya mzunguko iliyorefuka kama yai, upande mmoja ukiwa karibu na dunia na mwingine mbali sana, na kutoka hapo inajipandisha yenyewe kwa injini zake ndogo. Juni 2019 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliondoka Kourou, kwenye pwani ya Amerika Kusini, na setilaiti mbili za mawasiliano kwa safari moja, jumla kama tani 10. Kazi ya roketi iliisha katika muda wa kama nusu saa. Moja ya abiria hao, Eutelsat 7C, ilipanda kwa umeme, injini zenye msukumo mdogo lakini zisizochoka, na ilitumia miezi kadhaa kufika sehemu yake. Sehemu yenyewe ni digrii 7 mashariki kwa longitudo, upande ambao madishi mengi ya mji huu yanatazama. Ndiyo maana ukitembea Magomeni unayaona yameinamia machweo, wakati mengine, ya setilaiti iliyo digrii 36 mashariki, yamekaribia kulala chali, yanatazama juu kabisa na kidogo kaskazini.

Sehemu hiyo ni kilomita 35,786 juu ya ikweta. Hakuna mvua, hakuna kusi wala kaskazi. Mawingu yetu ya masika hayafiki hata kilomita 20. Setilaiti iliyo kule inaimaliza duara lake kwa saa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha, ndiyo sababu kwetu inaonekana imesimama palepale na dishi likafungwa mara moja tu. Lakini haijasimama. Inakimbia kilomita 3 kila sekunde. Mtwara mjini hadi Mikindani ni pumzi moja.

Mvua inachofanya ni kingine kabisa: matone yananyonya na kuyatawanya mawimbi katika kilomita chache za mwisho, yakiwa karibu kabisa kufika mlangoni. Mpambe kule juu hajui hata kama Chikongola kumenyesha.

Nikiwa hapohapo, kuna kosa pacha. Mei 2024, wiki ile intaneti ilipozorota nchi nzima, nilipigiwa simu na wateja watatu kuulizwa setilaiti itapona lini. Haikuwa setilaiti. Ilikuwa mikongo, zile nyaya za mawasiliano, iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, iliyokatika. Tuna neno zuri kabisa, mkongo, na bado tunalisingizia anga.

Na kwa wanaodhani habari hizi zote ni za Wazungu na za mbali: pwani hii hii ya Waswahili, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na majukwaa baharini wakipaisha roketi, kwa sababu karibu na ikweta dunia inajizungusha kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa na kasi hiyo roketi inaipata bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, iliondoka pale setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota, wakaipa jina Uhuru. Hiyo haikuwa ya mawasiliano, na roketi yake, Scout, ilikuwa ndogo sana. Nimeitaja tu kwa sababu yupo mpambe aliyewahi kuzunguka juu ya vichwa vyetu na jina la Kiswahili, na kijana wa mlangoni hajawahi kuambiwa.

Mvua ile iliacha baada ya kama dakika kumi. Picha haikurudi. Nikaomba ngazi, nikapanda mwenyewe. Nati ya chini ya mkono wa dishi ilikuwa imelegea, dishi limesogea kama upana wa kidole. Ni kidogo ukilitazama, lakini digrii moja hapo ukutani ni zaidi ya kilomita 600 kule juu, na ukikosea hivyo utakuwa unaelekezea setilaiti ya jirani au hewa tupu. Nikalirudisha polepole mpaka wakapiga kelele ndani kwamba kipa ametua. Bao lilikuwa limeshaingia.

Niliposhuka nilimwita yule kijana pembeni. "Kuyumba umepatia, mwanangu. Kilichoyumba ndicho ulichokosea. Sema dishi limeyumba."

Akaguna. "Fundi, nikisimama mlangoni nikasema dishi limeyumba, yule mzee atadhani namtukana."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Dishi la mtu likiyumba kwetu maana yake akili zimeruka, na mzee alikuwa amekaa palepale, kofia mkononi. Tukakubaliana aseme dishi limelegea. Mzee nilimfuata baadaye kwenye kahawa, nikamwamkia, nikamweleza taratibu kwamba roketi ilishamaliza kazi yake ndani ya siku ileile, na kwamba aliyebaki juu ni abiria. Akanywa, akafikiri.

"Basi ni kama basi la Dar," akasema. "Linashusha, linaondoka."

"Ndiyo, mzee wangu. Ila hili halirudi kuchukua wengine. Yapo ya Marekani ambayo baadhi ya vipande vyake hurudi na kutua vyenyewe."

"Vinatua vyenyewe?" Akaweka kikombe chini, akaniangalia kama ndiye mwenye dishi lililolegea.