Umbo la dunia: dhana potofu kuhusu imani na vipimo

Dhana: Mtu wa dini akikubali kuwa dunia ni tufe, ameiacha imani yake.

Historia inakataa. Karne ya 9, Khalifa al-Ma'mun alituma wapimaji kwenye tambarare ya Sinjar, Iraq, wapime urefu wa digrii moja ya mzingo wa dunia. Karne ya 11, mwanazuoni Mwislamu al-Biruni alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, Pakistan ya leo. Alikuwa amekwisha kupima kimo cha mlima huo. Akiwa kileleni akapima upeo wa macho uko chini kiasi gani ya mstari wa usawa, akapata kama nusu digrii. Kwa namba hizo mbili tu akakokotoa nusu kipenyo cha dunia. Upande wa Wakristo, mtawa Bede aliandika katika karne ya 8 kwamba dunia ni tufe, na mwanateolojia Thomas Aquinas, karne ya 13, akalichukulia jambo hilo kuwa limekwisha kuthibitishwa. Hata kesi ya mwanasayansi Galileo mbele ya Kanisa, mwaka 1633, ilihusu mwendo wa dunia. Umbo lake halikubishaniwa.

Dhana: Maandiko yanasema wazi kwamba dunia ni bapa.

Kurani 88:20 inataja ardhi ilivyotandazwa, na Ufunuo 7:1 unataja pembe nne za dunia. Aya hizi zinazungumza na mtu aliyesimama juu ya ardhi, kwa kile anachokiona. Mwanazuoni wa Kiislamu Ibn Taymiyya aliisoma Kurani hiyohiyo, akaeleza kuwa wanazuoni wamekubaliana kwamba dunia ni tufe. Ni kweli wapo waliosoma vingine: Lactantius katika karne ya 4 na Cosmas katika karne ya 6 walipinga utufe kwa jina la Ukristo. Basi mvutano uko kati ya usomaji na usomaji, na kuwalazimisha waumini wachague kati ya Mungu na kipimo ni kuwaonea.

Dhana: Ushahidi wote unatoka kwa mashirika ya anga, kwa hiyo nao ni imani tu.

Fimbo inatosha. Mgiriki Eratosthenes, karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia tofauti ya digrii 7.2 ya vivuli kati ya Aswan na Alexandria, miji ya Misri, kukadiria mzingo wa dunia. Lakini watetezi wengi wa tufe wanateleza hapa: vituo viwili peke yake havithibitishi kitu, kwa sababu jua dogo lililo karibu, juu ya ardhi bapa, lingetoa vivuli hivyohivyo. Chukueni vituo vitatu.

Siku ya ikwinoksi, yaani siku ambayo jua la adhuhuri huwa wima juu ya ikweta, mwezi Machi au Septemba, simamisheni fimbo za mita 1 kwenye ikweta, kwenye latitudo 30 na kwenye latitudo 60, zote katika longitudo moja. Jua likifika kileleni, ikweta haitakuwa na kivuli. Cha pili kitakuwa kama sm 58, cha tatu sm 173. Umbali kutoka ikweta ni karibu km 3,340 na km 6,670. Sasa chukulia ardhi ni bapa, ukokotoe kimo cha jua: kituo cha pili kinatoa km 5,780, cha tatu km 3,850. Jua moja haliwezi kuwa na vimo viwili kwa wakati mmoja. Kwenye tufe, namba zote zinakubaliana.

Jaribio huharibika kwa mambo madogo. Fimbo ikiinama digrii 1, na vituo vikiwa km 200 tu kutoka kimoja hadi kingine, kosa linazidi nusu ya tofauti mnayoitafuta. Tumieni timazi, na vituo viwe mbali. Msiiamini saa sita ya ukutani: anzeni kuweka alama nusu saa kabla, mchukue kivuli kifupi kuliko vyote. Umbali upimwe kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, si kwa barabara.

Dhana: Maji ya mfereji mrefu huonekana sawa kabisa.

Mwaka 1838 Samuel Rowbotham, mtetezi wa dunia bapa, alitazama mashua kwenye mfereji wa Bedford, Uingereza, jicho lake likiwa sm 20 hivi juu ya maji, akadai haikufichika nyuma ya mpindo wa maji. Hewa iliyo karibu na maji hupinda mwanga kuelekea chini, na kitu kilichopaswa kufichika kikaonekana. Mwaka 1870 mwanasayansi Alfred Russel Wallace alirudia jaribio akiwa ameinua alama zake karibu mita 4 juu ya maji, na ile ya katikati ikaonekana juu kuliko za pembeni. Anayetaka kulirudia aweke alama tatu za kimo kimoja juu ya maji, darubini yake iwe kwenye kimo hichohicho, na atazame kwa saa tofauti za siku, kwani joto la hewa hubadilisha kupinda huko.