Viumbe hai wa udongoni: ni akina nani na wanafanya nini

Viumbe hai wa udongoni ni wanyama, kuvu, bakteria na vijidudu wengine wanaoishi ndani ya udongo au kwenye majani yanayooza juu yake. Mizizi ya mimea nayo imo. Mawe, mchanga na maji havimo, kwa sababu havili, havikui wala havizaani.

Kazi yao kubwa ni kurudisha chakula cha mimea ardhini. Jani la mwembe likiangukia sakafu ya saruji, hukauka tu likabaki pale mpaka lifagiliwe. Likiangukia udongo wenye unyevu, jongoo na mchwa hulitafuna, kisha kuvu na bakteria huozesha vipande vilivyobaki. Virutubisho vyake hufyonzwa tena na mizizi, na mabaki meusi yanayosalia ndiyo mboji.

Wengi wao hatuwaoni kwa macho. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba kinaweza kuwa na bakteria wapatao bilioni 1! Ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza inaponyesha hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria hao. Wengine hukaa kwenye mizizi ya kunde na maharage, ndani ya vifundo vidogo. Chimbua mharage uliofikia kutoa maua. Usiuvute kwa nguvu, vifundo vitakatikia ardhini. Suuza mizizi, kisha pasua kifundo kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wako kazini: wananasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kukiwa na rangi ya kijani au kijivu, kifundo hicho hakifanyi kazi.

Nyungunyungu anastahili kutazamwa kwa karibu. Hana macho, miguu wala mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu, ndiyo maana akiachwa juani hufa upesi. Mweke juu ya karatasi kwa muda mfupi, tega sikio: utasikia mkwaruzo hafifu wa vinywele vigumu vilivyo kwenye pingili zake. Hivyo ndivyo anavyojishikiza akitambaa. Humeza udongo pamoja na majani yaliyooza, na kinyesi chake hurutubisha shamba. Njia anazochimba hupitisha hewa na maji ya mvua. Watoto wengi huambiwa kwamba ukimkata katikati watakuwa wawili. Si kweli, usimkate.

Jongoo na tandu huchanganywa mara nyingi, na kosa hilo huuma. Jongoo ana jozi mbili za miguu kwenye pingili zake nyingi, hula majani yaliyooza na akiguswa hujikunja. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, hukimbia kasi, huwinda wadudu na ana sumu. Usimshike kamwe.

Kuwaona wale wadogo, tengeneza mtego. Mwombe mtu mzima akate chupa ya plastiki ya lita 1.5 sehemu ya juu. Geuza kipande chenye mdomo, kitumbukize ndani ya kile cha chini, na uweke wavu wa dirisha shingoni. Chini tandika karatasi laini nyeupe yenye unyevu, na nje zungushia kitambaa cheusi. Juu jaza konzi mbili za udongo wenye majani yaliyooza, bila kushindilia. Acha mahali penye mwanga na joto la wastani kwa siku moja au mbili. Viumbe hukimbia mwanga na ukavu, hushuka na kudondoka kwenye karatasi, wakiwemo vidudu vyeupe vinavyorukaruka. Usipopata kitu, huenda jua lilikuwa kali wakafa kabla ya kushuka, au udongo ulitoka mahali palipochomwa moto. Ukimaliza, warudishe ulipowatoa, chini ya majani.

Si wote wasio na madhara. Viluwiluwi vya minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo, hasa mahali watu wanapojisaidia ovyo. Vaa viatu, nawa mikono kwa sabuni, na usichimbe ukiwa na kidonda kilicho wazi, kwa kuwa bakteria wa pepopunda nao huishi udongoni.