Kondo la Nyuma Likikosa Mishipa: Panya Wadogo Wanavyotufundisha

Mama akishajifungua salama, mkunga hubaki na kazi moja kabla ya kuvua glavu. Hulitandaza kondo la nyuma kwenye trei, hukagua kama vipande vyote vimetoka, kisha hutazama kitovu pale kilipokatwa na kuhesabu mishipa mitatu ya damu: mmoja mpana na miwili myembamba. Wanafunzi wetu hapa Mtwara huwa na haraka ya kwenda kumwona mtoto. Mimi huwarudisha kwenye trei. Kile kipande cha takribani nusu kilo ndicho kilichomlisha na kumpa hewa mtoto yule tumboni.

Aliyepita Mikindani maji yakiwa yamejaa ameiona mizizi ya mikoko ilivyozama. Kondo nalo liko hivyo. Vijimizizi vya upande wa mtoto vimezama kwenye damu ya mama, vinafyonza chakula na oksijeni, na bado damu ya mama na ya mtoto hupita kila moja kwenye njia yake.

Kinachootesha vijimizizi hivyo ni jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Kwa binadamu hatuwezi kuchungulia wiki zile za mwanzo, ndiyo maana watafiti humtumia panya mdogo, si buku, ambaye mimba yake huchukua siku 19 hadi 20 tu. Kufikia siku ya 8 na nusu hivi, tishu inayochomoza kwenye kiinitete (mtoto anayeanza kuumbika) hugusa ukuta wa kondo changa, mishipa ikaanza kupenya na kugawanyika matawi. Jeni iitwayo Gcm1 ndiyo inayoanzisha matawi hayo. Ikizimwa, ukuta hubaki bapa, mishipa hukosa pa kupita, na kiinitete, ambacho hakijazidi punje ya mchele, hufa karibu siku ya 10.

Jeni ya VEGF-A, inayotengeneza protini ya kuotesha mishipa ya damu, ina ukali wake. Kila mmoja wetu hurithi nakala mbili za jeni nyingi, ya baba na ya mama, na mara nyingi moja ikiharibika nyingine hubeba mzigo. Hii haikubali. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa kiinitete cha panya kikipoteza nakala moja tu, mishipa hujengeka vibaya nacho hufa kati ya siku ya 11 na 12.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la mwaka 1999. Panya wasio na jeni ya PPAR-gama walikuwa na misuli myembamba ya moyo, na mtu angedhani ugonjwa uko moyoni. Watafiti wakawapa viinitete vile kondo lenye jeni nzima, na moyo ukajengeka vizuri. Shida ilikuwa kwenye kondo. Mwaka 2018 uchunguzi wa aina 103 za panya waliozimwa jeni, ambao viinitete vyao havifiki salama ulikuta zaidi ya theluthi mbili wana kasoro za kondo, mara nyingi zikiandamana na kasoro za moyo, ubongo na mishipa.

Panya si mtu, na hakuna kipimo cha panya kitakachomweleza mama wa Nachingwea au Tandahimba kwa nini mimba yake iliharibika. Lakini mama huyo huambiwa alibeba ndoo nzito, au amevunja mwiko. Inaniuma kusikia hivyo. Takribani nusu ya mimba zinazoharibika mapema zina hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na nyingi hutokea kabla hata hajajua kuwa ni mjamzito.

Kondo lisilojishika vizuri huweza pia kumwaga kwenye damu ya mama protini inayoinasa VEGF, ile ya kuotesha mishipa, na hapo huchangia kifafa cha mimba. Baada ya wiki ya 20, presha ya 140/90 au zaidi, kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli, uso kuvimba ghafla au maumivu chini ya mbavu ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Na aliyewahi kupoteza mimba amweleze muuguzi hudhurio la kwanza kabisa: ilikuwa ya wiki ngapi, na presha yake ilikuwaje.