Nodi Nyingi Hazilainishi Mpindo

Wengi wanaoanza kuchora kwa programu za kompyuta kama Inkscape au Illustrator huamini kwamba nodi, yaani nukta zinazoshika mstari, zikiwa nyingi, mpindo utakuwa laini zaidi. Sivyo kabisa. Kila nodi ni kiungo cha vipande viwili vya mpindo wa Bézier (mpindo unaoongozwa na nukta na vishikio), na vishikio vyake, yaani vijiti viwili vinavyotoka kwenye nodi na kuelekeza mpindo, visipokaa kwenye mstari mmoja, kinundu huonekana hapo hapo. Tazama duara: nodi 4 zinatosha, juu, chini, kushoto na kulia, kila kishikio kikiwa na urefu wa takriban 0.55 ya nusu kipenyo. Basi weka nodi pale mpindo unapofika kileleni, bondeni, au mwisho kabisa wa kushoto au kulia, kisha vuta vishikio. Herufi S yenye nodi 20 mimi huifuta na kuanza upya. Kuisawazisha nodi moja moja ni kujichosha bure.