Kinga ya mbung'o hutoka kwenye maziwa ya mama yake

Mbung'o hula damu tu, dume na jike, maisha yake yote. Mbu angalau hunyonya maji matamu ya maua. Huyu hana habari nayo. Damu ina protini tele lakini vitamini za kundi B ni haba, na mdudu hawezi kujitengenezea.

Anayemtengenezea ni bakteria aitwaye Wigglesworthia, mkazi wa seli maalumu kwenye sehemu ya mbele ya utumbo. Jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, iliposomwa mwaka 2002, ilionekana ina herufi za DNA 700,000 hivi, wakati E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, ana zaidi ya milioni 4. Mengi ya kumwezesha kujitegemea ameyapoteza, ila jeni za vitamini B amezing'ang'ania. Ukimuua kwa viuavijasumu, mbung'o jike anakuwa tasa.

Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Jike hubeba buu mmoja tumboni, humnyonyesha kwa tezi ya maziwa (ndiyo, nzi ana maziwa), kisha humzaa akiwa tayari kujichimbia udongoni. Bakteria hupita humo humo kwenye maziwa.

Sasa hapa kuna utafiti ulioninasa, kuhusu kazi ya bakteria huyu kwenye kinga. Watafiti waliwapa majike viuavijasumu, wakawaongezea dondoo ya hamira, yenye vitamini B, kwenye damu ili waendelee kuzaa. Watoto walitoka bila bakteria, na kwa macho hawakuwa na kasoro. Lakini walipodungwa E. coli, ambaye mbung'o wa kawaida humhimili, walikufa. Seli zao za kinga zilikuwa chache mno. Hata ule utando unaotenga damu iliyomezwa na ukuta wa utumbo haukuundika sawasawa, na utando huo ndio kizuizi cha kwanza kwa trypanosoma, vimelea vya malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Hivyo wakaambukizwa kwa urahisi zaidi. Kumpa vitamini ukubwani hakutoshi: kinga inajengwa angali buu, na bakteria awepo wakati huo.

Wapo wanaotaka kumtumia bakteria mwingine wa mbung'o, Sodalis. Huyu anakubali kukuzwa maabara, kwa hiyo anaweza kupandikizwa jeni ya kuua trypanosoma, kisha arudishwe ndani ya nzi. Mimi nina shaka. Baadhi ya tafiti za porini zimemhusisha Sodalis mwenyewe na mbung'o kuambukizwa zaidi, na ili jeni ienee ni lazima uachie majike yanayouma na kuzaa. Unguja mbung'o walimalizwa miaka ya 1990 kwa madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi. Madume nayo huuma, lakini hayaachi kizazi. Kumweleza mfugaji kwa nini unamwagia malishoni mbung'o wazima, wenye uzazi, hata kama wana jeni nzuri, ni kazi ambayo sijaona mtu akiifanya vizuri.