Herufi U kwenye orodha ya nyota

Kila ninapofungua faili la Cygnus X-1, chanzo cha eksirei katika kundinyota la Dajaja, nakutana na jina lake la orodha: 4U 1956+35. Tarakimu za mwisho ni anwani yake angani, ile 4 ni toleo la nne la orodha. Na ile U ni neno letu: Uhuru. Watu wa fani yangu, astronomia, wanaliandika miaka nenda miaka rudi, wengi bila kujua kuwa ni Kiswahili, nami sichoki kuwaeleza.

Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kutazama eksirei kutoka angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, satelaiti ya Wamarekani, na jina lilichaguliwa na Marjorie Townsend wa NASA aliyesimamia mradi. Walifuata ikweta. Huko Dunia inavyozunguka huisukuma roketi zaidi, na satelaiti inayopita juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe za mionzi zinazovuruga vipima eksirei. Na ni lazima kutoka nje ya angahewa, kwa sababu hewa inazizuia eksirei zote za angani zisitufikie. Ngozi zetu zinanufaika, darubini za ardhini haziambulii kitu.

Cygnus X-1 ilishagunduliwa mwaka 1964 kwa roketi iliyochungulia juu ya hewa kwa dakika chache tu. Uhuru ilipata muda wa kuitazama vizuri, ikaona jambo la ajabu: mwanga wake wa eksirei unapanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hapa naomba tusimame kidogo, maana hoja nzima imeegemea hapo. Mji mzima hauwezi kuzima taa kwa pamoja kabla mjumbe hajafika kila mtaa. Angani mjumbe mwenye mbio kuliko wote ni nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kitu kinachobadilika chote ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana wa zaidi ya kilomita 30,000. Jua letu lina kilomita milioni 1.4.

Pale pale pana nyota kubwa ya buluu, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton kule Toronto, waliona nyota hiyo ikiyumba huku na huku kila baada ya siku 5.6, kana kwamba imeshikwa mkono na mchezaji asiyeonekana. Mchezaji huyo alikuwa mzito mno kuwa nyota ya nutroni, yaani kiini kidogo kilichobanwa sana cha nyota iliyokufa. Ndivyo tulivyopata shimo jeusi la kwanza lenye ushahidi wa kuaminika: kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haichomoki.

Wengi huniuliza ndani ya shimo jeusi kuna nini. Mimi linaloninyima usingizi ni swali la kabla ya hapo: shimo linazaliwaje na uzito lilio nao?

Kwa miaka mingi tulidhani Cygnus X-1 ina uzito wa majua 15 hivi. Mwaka 2021 umbali wake ulipimwa upya kwa darubini za redio, ukawa miaka ya nuru 7,200, na uzito ukapanda hadi majua 21. Hesabu zetu zikayumba. Nyota kubwa hujipunguza yenyewe: mwanga wake ni mkali kiasi cha kupeperusha gesi yake, hasa ikiwa na elementi nzito kama chuma. Nyota za galaksi yetu, Njia Nyeupe, zina elementi hizo kwa wingi, basi zilitakiwa zifike mwisho wa maisha zikiwa zimekonda kuliko hivyo. Ikabidi tukubali kwamba upepo wa nyota ni dhaifu kuliko tulivyofikiri.

Hilo linarekebishika. Gumu zaidi ni ukuta.

Nyota huishi kwa mvutano wa pande mbili: uzito wake unabana ndani, nuru ya kiini inasukuma nje. Kwenye nyota nzito mno kiini hupata joto kali hadi nuru yenyewe inageuka kuwa mata, elektroni na pacha wake kinyume, positroni. Nguzo inapungua nguvu, kiini kinajikunja, oksijeni inawaka kwa mkupuo, na nyota inalipuka yote bila kubakiza hata shimo. Kwa hesabu hiyo, mashimo meusi ya kati ya majua 50 hivi na 120 hivi hayapaswi kuzaliwa na nyota. Huo ndio ukuta.

Tarehe 21 Mei 2019 vituo vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya mvutano, mitikisiko ya anga lenyewe, kutoka mashimo mawili yaliyogongana: moja la majua 85, jingine 66. Yakawa moja la 142. Novemba 2023 likaja pigo kubwa zaidi, majua 103 na 137 hivi.

Mimi naegemea kwa wanaosema haya ni mashimo ya kizazi cha pili, kila moja likiwa limetokana na mgongano wa awali. Ushahidi ninaoupenda ni mzunguko: shimo lililotokana na mengine mawili hubaki likizunguka kwa kasi kubwa, na yale ya 2023 yanazunguka kasi sana. Lakini siwezi kuficha tatizo. Mgongano hutoa teke, na teke hilo laweza kulirusha shimo jipya kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, wakati fungu la kawaida la nyota haliwezi kushika hata kinachokimbia kilomita mia. Litampata wapi mwenza wa pili? Labda kwenye vitovu vya galaksi, ambako mvutano ni mkubwa.

Kambi nyingine inasema ukuta wenyewe tumeujenga pasipo pake. Mahali pake panategemea mmenyuko mmoja tu wa nyuklia, kaboni ikimeza kiini cha heli na kuwa oksijeni, ambao ni mgumu mno kupimwa maabara. Nawaheshimu sana wanaoupima: kazi yao iko chini ya ardhi, na inaamua uzito wa vitu vilivyo mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa.

Mwaka 2024 satelaiti ya Gaia ilitupa kidokezo cha jirani: shimo la majua 33, miaka ya nuru 2,000 tu kutoka kwetu, limelala kimya bila eksirei. Nyota iliyoandamana nalo ina elementi nzito kidogo sana, na hiyo inakubaliana na wazo kwamba wazazi wa mashimo mazito walikuwa nyota zisizopeperushwa sana na upepo wao.

Ukiwa Malindi mwezi wa tisa, mnamo saa tatu usiku, tazama kaskazini. Kundinyota la Dajaja litakuwa juu, zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kwenye shingo yake, karibu na nyota Eta Cygni, darubini ndogo itakuonyesha HDE 226868, nukta hafifu. Mwenzake hutamwona, lakini yupo, akimaliza mzunguko kila siku 5.6.